Samaki wa Bwawa Hufuata Vali

Ziwa lina tabia zake na mto una hasira zake, lakini bwawa la maji ya kunywa lina mwenyewe. Kuna mtu yuko zamu, mbele yake pana daftari la vipimo, na yeye ndiye anayeamua leo maji yatolewe kiasi gani na yachotwe kutoka tabaka lipi. Mvua ina sehemu yake na jua lina sehemu yake, ila neno la mwisho ni la vali.

Mimi nilitokea mtoni. Mtoni mvuvi husoma mkondo: anaona maji yanapozunguka nyuma ya jiwe, anatupa hapo, anasubiri. Bwawani uso wa maji ni bapa, umetulia, haukuambii kitu. Aliyenifungulia macho ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kufungua na kufunga vali kwenye bwawa hilohilo tulilokuwa tukivua. Aliniona nimekaza macho kwenye boya langu, akacheka kidogo.

"Kijana, unaangalia nini?"

"Boya, mzee wangu."

"Angalia ule mnara." Akanyoosha kidole kwenye mnara wa kuchotea maji, palipochorwa mita kwa rangi, tarakimu moja juu ya nyingine. "Maji yalikuwa wapi juzi?"

Nikamwambia sikutazama.

"Basi hata samaki walipo hujui. Mimi nilikuwa nawahamisha kwa mkono huu."

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua mkoba wa ndoana, nasoma mnara. Namba peke yake haisaidii sana. Kinachosaidia ni kujua maji yanaelekea wapi: yanapanda, yanashuka, au yamesimama.

Maji yakipanda, yanafunika nyasi na udongo uliokuwa mkavu. Nyungunyungu wanatoka, wadudu wanaelea, mbegu zinalowa. Samaki wanalijua hilo kuliko sisi, na wanafuata karamu hadi kwenye maji ambayo mtu angesimama yakamfika magotini. Wakati huo mwenye kutupa mbali anawapita samaki kichwani. Mimi husimama nyuma ya ukingo, mbali kidogo na maji, natupa karibu, natumia chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, ndogo kabisa au situmii. Maji ya namna hiyo huwa na rangi ya udongo, samaki hawaoni vizuri, kwa hiyo chambo chenye harufu kina faida kuliko chenye kung'aa.

Maji yakishuka, mambo yanageuka. Samaki mwenye akili hangoji kunaswa kwenye dimbwi. Anarudi nyuma hadi mahali ambapo sakafu inakatika ghafla na kuingia kilindini, anakaa pale, mdomo wa gema, ili njia ya kukimbilia iwe karibu. Kushuka kwa haraka ndiko kubaya zaidi kwa uvuvi, maana samaki wanakuwa wazito, kama wageni waliohamishwa vyumba usiku. Kushuka polepole hakusumbui sana, wanazoea. Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wengi hawalihesabu. Samaki wanaojenga viota kwenye maji ya kina kifupi, vali ikifunguliwa sana majira ya kutaga, mayai yao yanabaki nchi kavu. Mwaka huo huoni hasara yoyote. Unaiona baadaye, pale samaki wa umri fulani wanapokosekana kwenye ndoana za kila mtu, na watu wanaanza kusema kuna mchawi au kuna anayevua kwa wavu usiku.

Maji yaliyosimama kwa muda mrefu bila kupanda wala kushuka ndiyo ninayoyapenda. Samaki wanakuwa na ratiba, nawe ukiigundua unaweza kuifuata.

Lakini somo kubwa kuliko yote nililipata bila ufito mkononi. Lilikuja wakati wa ukame, bwawa limeshuka hadi ukuta wa mawe umeachwa wazi kama mita kadhaa za alama nyeupe. Wenzangu waliacha kuja. Mimi nilikuja na daftari. Sakafu ambayo siku zote niliitupia chambo gizani ilikuwa imelala wazi mbele yangu: mto wa zamani na mikondo yake, njia ya mikokoteni iliyokatiza bonde, msingi wa jengo, visiki kando ya kijito, na mahali ambapo changarawe inakutana na tope. Nilichora yote. Kwa kila kitu nilichagua alama mbili za nchi kavu zinazokaa mstari mmoja, mfano mti mkubwa na pembe ya kibanda, ili maji yakirudi niweze kulipata jiwe lilelile. Watu wakija na vyombo vya kupima kina kwa sauti wanafika haraka zaidi, sikatai, ila kile chombo hakikuonyeshi ni kwa nini samaki anapita pale. Ukiwa umesimama kwenye sakafu yenyewe unaona. Mto wa zamani ni barabara yao. Mahali kijito kilipoingia mtoni ni njia panda. Ukuta wa mawe uliozama ni maficho ya wadogo na mawindo ya wakubwa.

Mabwawa ya namna hii mara nyingi yamefunika makazi ya watu, na wavuvi wanapenda hadithi za paa na minara iliyo chini ya maji. Ukweli huwa mkavu zaidi. Kwa ajili ya bwawa la Quabbin, huko Massachusetts, linaloipa Boston maji, miji minne ya Dana, Enfield, Greenwich na Prescott ilifutwa rasmi mwaka 1938. Majengo yalibomolewa, miti ikakatwa, makaburi zaidi ya 7,000 yakahamishwa, ndipo maji yakaanza kujazwa mwaka 1939, na bwawa likajaa mwaka 1946. Sababu ya kusafisha bonde ni kwamba kila kinachooza chini kinaharibu maji juu. Kwa mvuvi maana yake ni hii: usitafute msitu uliozama kwenye bwawa lililoandaliwa kwa uangalifu. Tafuta kile ambacho hakikuwa na sababu ya kung'olewa, yaani misingi, barabara, kuta za mashamba, na mto wenyewe.

Anayetaka kutembea kwenye sakafu hiyo aogope tope. Tope la bwawa likikauka juu linapasuka na kuonekana gumu, kumbe chini ni uji. Nilitembea na mti mrefu, nikichoma mbele kabla ya kukanyaga, na sikuwahi kwenda peke yangu. Kuna mahali mti wote ulizama bila kugusa kitu.

Sasa niseme kuhusu matabaka, maana hapa ndipo bwawa linapomshinda mtu aliyezoea mto. Majira ya joto jua linapasha maji ya juu, nayo yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo ya baridi yanakaa chini. Kati ya tabaka la juu na la chini kuna ukanda ambamo joto linaporomoka, walau nyuzi 1 kwa kila mita unayoshuka. Waogeleaji wa maziwani wanaujua: miguu inaingia kwenye baridi ghafla huku kifua kiko kwenye uvuguvugu.

Tabaka la chini limefungiwa. Halipati hewa, na majani na viumbe waliokufa wanaoshuka huko wanaoza na kula oksijeni iliyobaki. Kadiri joto linavyoendelea, chini kunakuwa na maji baridi, mazuri kwa kuyagusa, lakini samaki hawezi kupumua humo. Na juu nako kuna tatizo lake, kwa sababu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 10 lita moja inaweza kushika miligramu 11 hivi, kwenye nyuzi 20 inashuka hadi 9. Trauti, anayependa baridi na pumzi nyingi kwa pamoja, anabanwa katikati, kwenye utepe mwembamba juu tu ya ule ukanda. Kambare na karpi wanavumilia zaidi, lakini hata wao hawakai mahali pasipo na hewa.

Kwa hiyo majira ya joto, kuzamisha chambo hadi sakafuni kwenye kilindi ni kuwavulia wafu. Nilinunua kipimajoto cha kawaida, nikakifunga kwenye uzi wenye mafundo kila mita moja pamoja na kokoto, nikawa nakishusha kutoka kwenye gati ndogo inayoruhusiwa kuvulia. Unakishusha, unakiacha kidogo kizoee, unakivuta haraka, unasoma. Ukishaona mahali joto linapoanguka, weka boya lako ili chambo kining'inie juu yake kidogo. Wavuvi waliokuwa wakinicheka kwa ule uzi wa mafundo walianza kuuliza, "Leo umesoma mangapi?"

Yule mzee ndiye aliyenieleza kwa nini mnara una madirisha kadhaa, moja juu ya jingine. Juu kabisa majira ya joto kuna mwani. Chini kabisa, oksijeni ikiisha, chuma na manganizi vinayeyuka kutoka kwenye tope, na maji ya namna hiyo yanatia madoa nguo na kuwa na ladha ya kutu. Fundi anatafuta dirisha la katikati lenye maji bora. "Yaani, mzee, wewe na samaki mlikuwa mnatafuta maji yale yale," nikamwambia. Akasema samaki walikuwa hawana haja ya kuandika ripoti. Tangu hapo, nikipata nafasi ya kumuuliza mhudumu wa lango, simuulizi samaki wanashika au hawashiki. Namuuliza wanachota dirisha la ngapi. Mwingine hashughuliki kujibu, mwingine anafurahi kuulizwa.

Mabwawa mengine yana mabomba yanayopuliza mapovu kutoka chini ili kuvunja matabaka hayo. Ukiona duara la maji yanayochemka bila upepo, jua hapo hesabu zangu zote za kipimajoto hazifanyi kazi. Samaki wanaweza kuwa kina chochote, na mara nyingi wanazunguka pembezoni mwa mapovu kwa sababu vijidudu vinainuliwa pamoja nayo.

Upepo nao una kazi yake. Ukivuma upande mmoja kwa siku kadhaa unasukuma maji ya juu hadi ng'ambo, na chakula kinachoelea kinakwenda nayo, kwa hiyo ng'ambo ile yenye mawimbi usoni ndiyo yenye samaki, japo ndiyo yenye taabu ya kutupa. Upande unaotoka upepo, wenye starehe, maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi. Wakati wa joto kali nimewahi kuwapata trauti huko, kwenye upande mtulivu ambao wengine waliuona hauna maana. Kanuni ya "simama upepo ukupige usoni" ni nzuri, lakini si sheria.

Kuhusu masharti. Kila bwawa la maji ya umma lina ubao wa makatazo, na wavuvi wengi wanausoma wakitafuta upenyo. Mimi nimeugeuza kuwa somo, kwa sababu nyuma ya kila katazo kuna jambo kuhusu maji. Kibali nitakipita haraka: kikate, kibebe, basi.

Kutoogelea na kutojisaidia karibu na maji ndiko watu wanakolalamikia zaidi. "Si wanatia dawa?" Wanatia. Lakini mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, kimelea kiitwacho kriptosporidia kilipenya kwenye mtambo wa kusafisha maji yaliyotoka Ziwa Michigan, na inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Kimelea hicho kinatoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama, na klorini ya kawaida haikiwezi. Ulinzi wa kwanza ni kutokiingiza majini, wa pili ni muda: bwawa kubwa linakaa na maji kwa miezi, uchafu unazama, vijidudu vingi vinakufa kwa jua na uzee. Ndiyo maana pia kuna maboya yanayozuia kukaribia mnara. Uchafu ukidondoka ng'ambo ya mbali una safari ndefu, ukidondoka mlangoni pa dirisha hauna safari. Sababu nyingine ni ya mvuvi mwenyewe, kwamba maji yanayovutwa na dirisha hayaonekani kutoka juu na hayasamehe. Najua samaki wakubwa wanakaa kwenye kivuli cha ule mnara. Kila mtu anajua. Wabaki huko.

Mashua kutoka nje mara nyingi hairuhusiwi, au inabidi ioshwe kwa mvuke kwanza. Hapo adui ni kome wenye milia, wenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, waliogunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988. Mwaka uliofuata tu, mji wa Monroe huko Michigan ulikosa maji kwa sababu ya kome hao kuziba bomba la kuchotea. Wachanga wao hawaonekani kwa macho na wanasafiri kwenye tone la maji lililobaki kwenye ndoo, buti au wavu wa mkono. Nina jozi mbili za buti. Moja ni ya bwawani tu. Nyavu nazianika juani hadi zikauke kabisa, hata kama hiyo inamaanisha kukosa safari ya kesho yake.

Chubwi za risasi niliziacha kabla sijalazimishwa. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa zilizo nyingi mwaka 1987, kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, baada ya kuona batamaji wakizimeza wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu. Chubwi za chuma au tangsteni zinafanya kazi ile ile. Chuma inakuwa kubwa zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo inanasa zaidi kidogo kwenye mawe, nalo ni jambo la kuzoea.

Chakula cha kumwaga majini ili kuita samaki kinakatazwa mahali pengine, na hapa nakubaliana kwa moyo wote. Ukilisha maji unalisha mwani, na maji yakijaa mwani yanakuwa shida ya kila aliye kwenye ule mwisho wa bomba. Nimeona mtu akimwaga ndoo nzima. Sikumwambia kitu siku hiyo, alikuwa mkubwa kwangu, na mhudumu alikuwa anakuja.

Baada ya hapo kuna swali ambalo kila ninayempeleka bwawani ananiuliza: samaki wa maji ya kunywa si wasafi kuliko wote? Si lazima. Bwawa jipya huwa na samaki wengi wanaokua haraka kwa miaka ya mwanzo, kwa sababu udongo na mimea iliyofunikwa inatoa virutubisho. Baadaye neema hiyo inapungua na wavuvi wanalalamika kwamba bwawa limechoka. Miaka hiyohiyo ya mwanzo, bakteria kwenye udongo uliozama hugeuza zebaki kuwa ya aina inayoingia kwenye viumbe. Mdogo anaila kidogo, anayemla mdogo anakusanya zaidi, na mwindaji mkubwa mzee anakuwa nayo nyingi kuliko wote. Maji yenyewe yanaweza kupita kila kipimo cha kunywa huku samaki huyo akiwa si wa kuliwa mara kwa mara, hasa na mama mjamzito na watoto wadogo. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mimi nakula wa wastani, na mkubwa namrudisha. Wenzangu wanadhani ni huruma. Ni hesabu tu, na zaidi ya hapo yule mkubwa ndiye anayetaga mayai mengi.

Kumrudisha nako kuna majira yake. Trauti aliyevutwa kutoka kwenye utepe wake wa baridi hadi maji ya juu yenye nyuzi zaidi ya 20, kisha akashikwa shikwa na kupigwa picha, anaweza kuogelea akaondoka vizuri na kufa baadaye pasipo kuonekana. Joto likifika hapo siwavui trauti kabisa. Nawafuata karpi, au nabaki nyumbani nikitengeneza ndoana.

Kuna ishara moja ya mwisho inayonifikia hata kabla sijatoka nyumbani. Baadhi ya vijiumbe vya mwani wa kijani-buluu hutoa kitu kinachoitwa jeosmini, na pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa kidogo mno. Ndicho kinachofanya maji ya bomba yanuke udongo baadhi ya majira, na ndicho kinachoingia kwenye nyama ya kambare na kuipa ladha ya tope. Hakidhuru, ila kinaharibu mlo. Samaki akikaa kwenye maji safi kwa siku kadhaa kinamtoka, lakini sina pa kumweka. Kwa hiyo nikifungua bomba jikoni nikasikia harufu ile, naenda bwawani kama kawaida, nasoma mnara, nashusha kipimajoto, na kila kambare ninayemvua namtoa ndoana nikamwachia aende zake.